Jina la kuazima halisitiri mwili

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii ilinijia akilini majuzi darasani, pale mjadala kuhusu majina ulipowagawa wanafunzi wangu wa isimujamii katika makundi mawili yasiyosikilizana. Chanzo cha ubishi huo hakikuwa siasa wala ukabila, mambo ambayo aghalabu hututenga. Kilikuwa timu moja ya mchezo wa besiboli iliyoundwa Marekani mwaka 1885 na watu ambao kazi yao ilikuwa kuandaa meza hotelini.

Besiboli si mchezo wetu, lakini msomaji aliyewahi kucheza raunda shuleni anaweza kuukisia bila taabu, kwani michezo hii miwili ni ndugu. Mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo, kisha hukimbia akizunguka vituo hadi arudi alikoanzia. Wamarekani waliufanya mchezo huu kuwa kioo cha taifa lao, na kama ilivyo kwa vioo vyote, ulionyesha pia makovu ya uso.

Katika kiangazi cha mwaka 1885, matajiri wa New York walikuwa wakienda kupunga hewa ya bahari katika mji wa Babylon, kisiwani Long Island. Hapo palikuwa na hoteli iliyoitwa Argyle. Mkuu wa wahudumu wake, Mmarekani mweusi kwa jina Frank Thompson, alikusanya vijana weusi waliojua kucheza besiboli, nao wakawa wakiwatumbuiza wageni. Timu hiyo iliungana na wachezaji weusi wa Philadelphia na Washington, ikapata meneja, S. K. Govern, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, na mwaka 1886 ikapata mfadhili mzungu, Walter Cook, katika mji wa Trenton.

Kwa mujibu wa Sol White, mchezaji aliyejiunga nayo baadaye, Cook aliwalipa warushaji na wadakaji dola 18 kwa wiki pamoja na gharama zao, walinzi wa vituo dola 15, na walinzi wa nje dola 12. Majira ya baridi yalipofika waliteremka Florida, ambako walihudumu katika hoteli za kitalii huku wakicheza mbele ya wageni. Mkono mmoja ulishika gongo na mwingine ukashika sinia. Ndivyo zilivyoishi timu zile ambazo wanamichezo huziita za nusu kulipwa: mchezo haukutosha kumlisha mtu mwaka mzima, na kazi nyingine haikumruhusu kuuacha mchezo. Wanahistoria wengi huihesabu timu hii kuwa ya kwanza ya Wamarekani weusi kucheza kwa mshahara.

Sasa natufike kwenye kiini cha ubishi wetu. Timu hii ya wahudumu weusi wa Kimarekani iliitwa Cuban Giants, yaani Majitu ya Kuba. Kuba? Vijana wale hawakuwa Wakuba hata kidogo.

Mwaka 1938, Sol White akiwa mzee wa miaka 70, jarida la Esquire lilichapisha maelezo yake kuhusu jina hilo. Alisimulia kuwa timu ilipoanza kucheza ugenini, wachezaji walijifanya wageni kutoka Kuba ili isijulikane kwamba wao ni wahudumu weusi tu wa hotelini. Uwanjani walisemezana maneno yasiyo na maana yoyote, wakitumaini kuwa masikioni mwa watazamaji yangesikika kama Kihispania.

Kundi la kwanza la wanafunzi wangu liliwasifu. Walisema hao walikuwa werevu waliomzidi mbaguzi kwa akili. Kundi la pili liliwalaani. Walisema anayelikana jina la watu wake amewauza watu wake, na kwamba mwanamume wa kweli angesimama uwanjani kwa jina lake au asisimame kabisa. Waliponigeukia ili niamue, niliwaambia kuwa pande zote mbili zimelitazama jambo hili kwa upande wa msemaji pekee. Katika taaluma yetu, usemi una msikilizaji pia, na katika kisa hiki msikilizaji ndiye mwenye kesi ya kujibu.

Fikiria kwanza jinsi hila yenyewe ilivyofanya kazi, kama kweli ilifanywa. Watoto wetu wakitoka kutazama sinema ya Kihindi huigana wakijidai wanazungumza Kihindi. Hawana neno hata moja, ila wanao mlio, mkazo na lafudhi, na wenzao ambao pia hawajui Kihindi hucheka na kuamini. Mwigo wa namna hiyo hausimami mbele ya anayeijua lugha. Husimama juu ya ujinga wa asiyeijua. Basi kama wahudumu wa Babylon walifaulu, walifaulu kwa sababu watazamaji wao waliojiona wastaarabu hawakuweza kutofautisha lugha ya Cervantes na vijineno vya kubuni.

Lakini je, walifaulu? Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapopaswa kuwa mwangalifu. Sol White hakuwapo Babylon mwaka 1885. Masimulizi yake yalichapishwa zaidi ya miaka 50 baadaye. Na magazeti ya zama zile yaliitaja timu hii waziwazi kuwa ya watu weusi. Ushahidi mzito zaidi ni wa Septemba 1887. Mabingwa wazungu wa St. Louis, waliojulikana kama Browns, walipangiwa kucheza mechi ya kirafiki na Cuban Giants karibu na jiji la New York. Usiku wa kuamkia mechi, wachezaji wanane walimpa mwenye timu, Chris von der Ahe, barua iliyotiwa sahihi zao. Walimweleza kuwa wako tayari kucheza na wazungu wakati wowote, ila hawatacheza na weusi. Mechi ikavunjwa, na umma ukaambiwa kuwa wachezaji wengi wameumia.

Tazama vizuri. Barua ile haikusema neno lolote kuhusu Wakuba. Wachezaji wale walijua fika ni nani waliomo ndani ya sare ya Cuban Giants. Nguo ya kuazima ilikuwa imeonekana upande wa pili.

Kama ni hivyo, jina lilikuwa na faida gani? Rai yangu ni kwamba halikukusudiwa kumdanganya mtazamaji kama lilivyokusudiwa kumpa kisingizio. Kujua ni jambo moja, na kukiri ni jambo jingine. Mzungu aliyelipa kiingilio alijua kuwa anawashangilia wajukuu na wana wa watumwa wa nchi yake. Lakini jina la Kuba lilimwezesha kushangilia bila kukiri. Mgeni mweusi hakuwa tishio, kwa kuwa kesho angerudi kwao. Mwenyeji mweusi angedai, baada ya mchezo, kula katika mkahawa uleule na kulala katika nyumba ileile ya wageni. Kisingizio, hata hivyo, ni mali ya anayepewa. Siku anayokitaka hukivaa, na siku asiyokitaka hukivua, kama walivyofanya wale wanane wa St. Louis.

Wakati huohuo milango mingine ilikuwa ikifungwa. Mwaka 1884, mdakaji mweusi Moses Fleetwood Walker alicheza kwa jina lake mwenyewe katika timu ya Toledo, iliyokuwa kwenye mojawapo ya ligi kuu za wakati huo. Tarehe 14 Julai 1887, wenye timu wa ligi iliyoitwa International walipiga kura kuwa wasitie mikataba mipya na wachezaji weusi. Siku iyo hiyo timu ya Chicago, chini ya Cap Anson, ilicheza mjini Newark dhidi ya timu iliyokuwa na mrushaji hodari mweusi, George Stovey, naye hakuonekana uwanjani. Hakuna sheria ya bunge iliyotungwa. Palikuwa na makubaliano ya kimyakimya tu, na kimya hicho kilidumu katika ligi kuu hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947.

Katika miaka hiyo 60, mchezo wa majina haukukoma. Neno Giants lenyewe lina historia ya kumfurahisha mwanaisimu yeyote. Lilianza kuwa neno la kujisifu, kwani majitu ni watu wakubwa wenye nguvu, na timu kubwa ya wazungu ya New York nayo ilikuwa na jina hilo. Kisha zikazuka Page Fence Giants, Cuban X-Giants, Leland Giants, Lincoln Giants, Chicago American Giants na nyingine nyingi, zote za weusi. Ikafika hatua ambapo mtu aliyeona tangazo mtaani kuwa Giants fulani wanakuja alijua, pasi na kuambiwa, rangi ya wachezaji. Neno la ukubwa likawa alama ya rangi. Hivyo ndivyo maana za maneno zinavyohama: watu huzisukuma kidogo kidogo, bila kikao wala azimio.

Mwaka 1901, John McGraw, meneja wa Baltimore, alimwona mlinzi stadi mweusi kwa jina Charlie Grant katika mji wa Hot Springs, jimbo la Arkansas. Grant naye alikuwa akifanya kazi hotelini. McGraw alimtaka sana, akamtangaza kuwa ni Mhindi Mwekundu wa kabila la Cherokee, aitwaye Chifu Tokohama. Inasemekana jina hilo lilitolewa kwenye ramani. Hila hii haikufika mbali. Aliyeifichua alikuwa Charles Comiskey, mwenye timu ya Chicago, aliyemtambua Grant mara moja. Comiskey huyu ndiye aliyekuwa nahodha wa St. Louis mwaka 1887, na ingawa hakutia sahihi ile barua ya wanane, sasa alihakikisha kuwa Grant hachezi. Kutotia sahihi katika uovu hakumfanyi mtu kuwa mtetezi wa haki.

Kinaya kikubwa zaidi kilikuja mwaka 1911. Timu ya Cincinnati iliwasajili Wakuba halisi wawili, Rafael Almeida na Armando Marsans. Papo hapo zikazuka shaka kuhusu ukoo wao, na ikabidi timu iuhakikishie umma kuwa damu yao ni ya Ulaya. Msomaji naomba utulie hapa. Mweusi wa Marekani alijiita Mkuba ili apate kucheza. Mkuba wa kweli alitakiwa kuthibitisha kuwa si mweusi ili apate kucheza. Ni wazi basi kuwa neno Mkuba halikuhusu nchi ya Kuba hata chembe. Lilikuwa kibandiko mikononi mwa mwenye mamlaka, akikibandika na kukibandua apendavyo.

Na Afrika yetu haikusalimika. Katikati ya miaka ya 30, wakati Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 na nyoyo za weusi kote duniani zikachomeka, ilizuka Miami timu iliyoitwa Ethiopian Clowns, yaani Wachekeshaji wa Ethiopia, ambayo wachezaji wake walipaka nyuso rangi na kuvaa majina ya kubuni yaliyodaiwa kuwa ya Kiafrika. Nyingine ilijiita Zulu Cannibal Giants, Majitu ya Kizulu Walao Watu, na wachezaji wake walivaa marinda ya nyasi. Hawa walikuwa wachezaji hodari, nao walikuwa na njaa kama watu wengine. Lakini jina sasa lilikuwa limeshuka ngazi nyingine. Mwaka 1885 jina la kuazima lilimwezesha mweusi achezwe naye. Sasa lilimwezesha achekwe. Ligi ya Wamarekani weusi haikuikubali timu ile ya Miami mpaka mwaka 1943, ilipolitupa jina la Ethiopia. Nawavulia kofia waliosimamia sharti hilo, kwani walielewa kuwa jina la watu wanaopigania uhai wao si la kufanyiwa mzaha.

Huenda mwalimu mmoja akaniuliza: haya yote yalikwisha, kwa nini tuyafukue? Nitamjibu kuwa hesabu yake bado haijafungwa. Mnamo Desemba 2020, wakuu wa besiboli ya Marekani walitangaza kuwa ligi saba za weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 zitahesabiwa kuwa ligi kuu, jambo lililowagusa wachezaji wapatao 3,400. Mwaka 2024 takwimu zao ziliingizwa rasmi katika daftari kuu, na Josh Gibson, mdakaji mweusi aliyefariki Januari 1947 bila kukanyaga ligi ya wazungu, akawa juu ya wapigaji wote wa historia kwa wastani wa .372, mbele ya Ty Cobb.

Nilifurahi kama walivyofurahi wengi. Lakini furaha isitupofushe. Mstari umechorwa mwaka 1920, na wahudumu wa Babylon wamebaki nje. Tena hata ndani ya mstari, kinachohesabiwa ni mechi za ligi tu. Kibao cha Gibson katika Jumba la Mashujaa la Cooperstown kinasema alipiga mipira ya kuvuka uwanja karibu 800 katika ligi na nje ya ligi. Daftari rasmi linamhesabia isiyofika 200. Kwingine alikopiga ni wapi? Ni katika viwanja vya mashambani, katika mechi za Jumapili, dhidi ya timu za nusu kulipwa za viwanda na vijiji, ambako mara nyingi hapakuwa na karani wa kuandika. Watu weusi walizuiwa kuingia kwenye ligi, wakacheza nje ya ligi, kisha wakaambiwa kuwa ya nje ya ligi hayahesabiwi. Sisemi kuwa wakuu wa leo wana nia mbaya. Takwimu haziwezi kubuniwa pale zisipokuwapo. Nasema tu kuwa daftari la mbaguzi lisigeuzwe kipimo cha ukweli wote.

Wahenga walilijua hili: mali bila daftari huisha bila habari. Ndiyo maana, mbele ya darasa langu, shujaa niliyemchagua hakuwa mrushaji wala mpigaji. Alikuwa Sol White huyohuyo, ila si yule mzee wa 1938 mwenye kisa cha kuchekesha. Ni Sol White wa mwaka 1907, aliyechapisha mjini Philadelphia kitabu kidogo cha historia ya besiboli ya watu weusi. Humo aliandika majina: nani alianzisha, nani alisimamia, nani alilipwa nini. Alikadiria kuwa mchezaji wa ligi kuu alipata dola 2,000 kwa mwaka ilhali mweusi alipata 466. Hakupiga kelele, aliweka tarakimu hizo mbili mahali pamoja na kumwachia msomaji akili yake. Nakala zilizosalia za toleo lile ni chache mno. Lau si kitabu hicho, sehemu kubwa ya niliyoyaeleza hapa isingejulikana.

White aliishi kumwona Robinson akivunja ukuta. Alifariki mwaka 1955 na kuzikwa New York. Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa. Hata hivyo, kaburi la mtu huyu aliyeyaokoa majina ya wenzake lilikaa bila jina lolote hadi mwaka 2014, lilipowekewa jiwe.

Hivyo, kwa wanafunzi wangu waliobishana, hukumu yangu ni hii. Msiwalaumu vijana wa Babylon kwa kujiita Wakuba, maana aliyefungiwa mlango hupita dirishani. Wala msiishie kuwasifu kwa ujanja, maana sifa hiyo humwondolea lawama aliyeufunga mlango. Waulizeni waliokuwa wakishangilia: mbona mlimhitaji mtu awe mgeni ndipo mumwone kuwa ni mtu?

Na kwa walimu wenzangu ninalo ombi moja. Mnapofundisha utungaji, mwacheni mwanafunzi mara moja moja aandike habari za watu ambao hawamo katika daftari lolote: timu ya kijiji, kwaya ya mtaa, kikundi cha wachukuzi wa sokoni. Mwambieni aandike mwaka, mahali, na kipato kama alivyofanya Sol White. Zaidi ya yote, mwambieni aandike majina yao kamili, yale waliyopewa na mama zao.